Bawa la Mtumba si Raba za Gikomba

Wasee, leo naongea juu ya mtumba, na najua kuna watu watanikasirikia. Si mtumba wa kuvaa. Ni mtumba wa kupaa nao.

Msimamo wangu nauweka hapa juu kabisa, usije ukasema nilikuzungusha. Bawa la mtumba ndilo litakalompeleka kijana wa kawaida wa Kenya angani, maana jipya hatuliwezi. Lakini bawa lisilo na historia lisiuzwe, lisipewe mtu bure, na tuache kulipiga picha kana kwamba ni zawadi. Anayeliacha aliache na karatasi zake. Kama karatasi hakuna, liandikwe kwa rangi kubwa: MAZOEZI YA CHINI TU.

Sasa wacha nieleze.

Kama hujawahi kufika Iten, hivi ndivyo iko. Unatoka Eldoret kwa matatu, unapita mashamba ya mahindi na ng'ombe wa maziwa, halafu ghafla ardhi inakatika. Mji uko karibu mita 2,400 juu ya bahari, na Bonde la Kerio liko zaidi ya mita 1,000 chini ya miguu yako. Ng'ambo unaona vilima vya Tugen. Wengi tunaijua Iten kwa sababu ya wakimbiaji. Lakini kila kiangazi, hasa Januari na Februari, kuna kabila lingine linashuka na mabegi makubwa mgongoni: watu wa paraglaida. Wengi wanatoka Ulaya, wanakimbia baridi ya kwao. Jua linapasha bonde, hewa moto inapanda, na wao wanapanda nayo. Siku ikiwa poa mtu anaenda makumi ya kilomita bila injini na bila tone la petroli.

Sisi wengi tunaiita parachuti. Si parachuti. Kazi ya parachuti ni kukushusha. Paraglaida ni bawa la kitambaa lenye kamba nyembamba nyingi, na wewe umekaa chini yake kwenye kiti kinachoitwa hanesi. Ina ndugu yake mkubwa, hanglaida, ambaye ana fremu ya mabomba ya alumini na rubani analala kifudifudi kama ndege. Hanglaida ina kilo 30 hivi, na hata ikikunjwa inabaki mzigo wa mita kama 5. Hebu jaribu kuibebesha makanga wa Eldoret uone atakavyokuangalia. Paraglaida inaingia kwa begi, kwa hivyo ndiyo inayosafiri, na ndiyo inayoachwa nyuma.

Na Iten inajua kuachiwa vitu. Mkimbiaji wa nje akimaliza kambi yake anaacha raba, anaacha jaketi, anaacha saa. Hakuna ubaya hapo, raba nzuri imeanzisha safari ya watu wengi. Lakini raba iliyochoka itakupa malengelenge, labda ikutegue kifundo. Bawa lililochoka halitoi malengelenge.

Kuna kijana mmoja wa boda namjua huko, rika langu. Kwa misimu mitatu amekuwa akibeba marubani kutoka chini ya bonde na kuwarudisha juu. Anajua upepo kuliko mtu yeyote niliyewahi kupiga naye stori. Anaangalia vumbi, anaangalia mwewe, anakuambia saa ngapi hewa itaharibika. Amefundishwa kidogo kidogo, leo na huyu, kesho na yule. Msimu uliopita mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao alimwambia, nina bawa langu la zamani, nitakuachia kwa elfu 35. Jamaa akanipigia simu usiku: "Buda, nifanyie video moja tu, watu wachange. Hii ndiyo nafasi yangu."

Nikamwambia nitafanya, lakini kwanza amuulize mwenye bawa maswali matano. Limetengenezwa mwaka gani? Limepaa saa ngapi? Mara ya mwisho kupimwa kamba na kitambaa ni lini, na karatasi iko wapi? Ni la mtu wa kilo ngapi? Limewahi kuanguka mtini, kwenye maji, au kushonwa?

Majibu yaliyokuja yalikuwa mawili. Mwaka haujulikani vizuri, kibandiko kimefutika. Na "liko sawa tu, nililipata kwa rafiki."

Sikufanya video. Jamaa akanikasirikia, na bado hatujakaa sawa. Aliniambia kitu ambacho kimenikaa kichwani: "Wewe unaogopa kwa niaba yangu." Hilo nitalijibu. Kwanza nieleze kwa nini yale maswali si ya kujifanya mjuaji.

Swali la kilo ndilo watu wanalicheka zaidi. Kila bawa limeandikwa uzito wake, kwa mfano kilo 85 hadi 105, na hapo wanahesabu rubani pamoja na vifaa vyote alivyovaa. Sasa fikiria nani anaacha mabawa Iten. Mara nyingi ni mwanaume wa Ulaya mwenye mwili. Na nani anaachiwa? Kijana wa kilo 58, kwenye mji ambao watu wamejengwa kukimbia marathoni. Hata na begi na hanesi na kofia, hafiki chini ya hicho kipimo. Bawa lisilobeba uzito wake halikazi vizuri. Linakuwa zito kugeuka, linashindwa kusukuma mbele upepo ukiongezeka, na hewa ikichafuka ni rahisi upande mmoja kujikunja. Na hewa ya Kerio saa saba mchana mwezi wa Februari si hewa ya kuchezea. Kwa hivyo hata bawa zima kabisa linaweza kuwa bawa baya kwako.

Swali la mwaka na saa ni juu ya jua. Kitambaa cha bawa ni nailoni nyepesi iliyopakwa kitu cha kuzuia hewa isipite. Jua linakula hiyo nailoni na huo mpako polepole, na jua letu la karibu na ikweta, kwa urefu ule, halina huruma. Kitambaa kikianza kupitisha hewa, bawa bado linaonekana na rangi yake nzuri. Kwa picha linang'aa. Lakini linachelewa kuinuka, na siku moja linakataa kuruka mbele, linashuka tu likiwa wazi juu ya kichwa chako.

Swali la kamba ndilo linalonitisha zaidi, kwa sababu macho hayalioni. Kamba za mbele ndizo zinazobeba mzigo mwingi. Za nyuma zinabeba kidogo, na kwa aina nyingi za kamba, miaka ikipita, hizo za nyuma zinarudi ndani na kuwa fupi. Tofauti ni sentimita chache. Lakini sentimita hizo zinatosha kuinua pua ya bawa, kupunguza kasi, na kukuweka karibu na pale ambapo bawa linaacha kupaa na kuanza kuanguka. Huwezi kuijua kwa kuvuta kamba na kusema "bado ngumu." Inapimwa, kamba moja moja, na kulinganishwa na jedwali la mtengenezaji.

Halafu kuna mtego wa bei. Mabawa yanapangwa kwa madaraja, kutoka A hadi D. A linakusamehe ukikosea. D ni la mabingwa, halisamehi mtu. Sasa wale mabingwa wanapenda kubadilisha kila kikitoka kipya, kwa hivyo D la zamani linaweza kuuzwa bei ya kutupa. Ni kama Subaru ya mashindano kuuzwa bei ya Vitz. Mwanafunzi anaona bei, haoni herufi.

Na parachuti ya akiba, ile ya kutupa mambo yakiharibika, nayo ina maisha yake. Watengenezaji wengi wanataka ifunguliwe, ipumzishwe hewani na kukunjwa upya angalau mara moja kwa mwaka, na baada ya miaka 10 hivi istaafu. Ikikaa imekunjwa miaka mitano chini ya kitanda, inaweza kuchelewa kufunguka. Na ukiwa chini ya mita 100 kutoka ardhini, hiyo sekunde ya kuchelewa huna.

Sasa turudi kwa jamaa yangu. "Unaogopa kwa niaba yangu."

Naelewa anachosema. Yeye kila siku anabeba watu watatu kwa pikipiki kwenye zile kona za kushuka bondeni, na hakuna mtu kutoka Nairobi alikuja kumuuliza maswali matano kuhusu breki. Hatari anaijua. Anachosikia nikimuuliza maswali ni sauti ile ile ya zamani: hiki si chako, hiki ni cha wageni, wewe beba begi. Na ana haki ya kuchoka na hiyo sauti. Bawa jipya la kuanzia linaweza kufika euro 3,000 na zaidi, hiyo ni zaidi ya laki nne, bila hanesi, bila akiba, bila masomo. Ukimwambia "nunua jipya," umemwambia usipae. Kwa hivyo mtu asinisome vibaya. Sipingi mtumba. Mimi mwenyewe nimevaa mtumba kutoka kichwani hadi miguuni nikiandika hii.

Lakini mtumba wa Kenya una sheria zake, na sisi ndio tuliozitunga. Mama wa Gikomba anajua kamera ni gani na fagia ni gani, na hachanganyi. Ukinunua gari, unadai logibuku kabla hujatoa hata shilingi. Serikali yenyewe hairuhusu gari lililozidi miaka 8 liingizwe nchini. Hata chupi za mtumba KEBS ilizipiga marufuku kuingizwa. Kwa hivyo taifa hili limekaa chini, likafikiria, likaamua kwamba umri wa Probox na usafi wa chupi ni mambo ya kuulizwa. Bawa linaingia nchini ndani ya begi la mgongoni kama nguo za safari, na likibadilisha mikono kando ya barabara, anayepaswa kuuliza umri wake ni wewe na mimi.

Kwa hivyo namjibu hivi: siogopi kwa niaba yako. Nadai kwa niaba yako. Yule mgeni akiuza bawa hilo kwa mwenzake kule kwao, ataulizwa maswali hayo matano, na mengine. Ataulizwa karatasi ya ukaguzi. Kwa nini wewe upewe "liko sawa tu"? Kama kwao halipaiki, limepata wapi nguvu ya kupaa kwetu?

Na hii biashara ya kuuziana mabawa si mpya. Otto Lilienthal, Mjerumani anayehesabiwa kama baba wa kupaa bila injini, miaka ya 1890 alikuwa anatengeneza mabawa kwenye kiwanda chake Berlin na kuyauza. Yeye mwenyewe alipaa kama mara 2,000, halafu mwezi wa Agosti 1896 akaanguka akafa. Mmoja wa wateja wake alikuwa Muingereza Percy Pilcher, ambaye baadaye alijijengea bawa lake mwenyewe. Mwaka wa 1899 kipande cha mkia wa hilo bawa kilivunjika hewani mbele ya watazamaji, na siku mbili baadaye akafariki. Hao walikuwa watu waliojua kila fito na kila uzi wa vifaa vyao. Wewe unataka kupaa na kitu ambacho hata mwaka wake hujui.

Basi tufanye nini? Nina mambo matatu, na yote yanawezekana bila kungoja mfadhili.

La kwanza ni chama. Wakenya tunajua kuchanga kuliko kitu kingine chochote. Watu 10 wakitoa elfu 15 kila mmoja, hiyo ni laki na nusu. Kwa hiyo pesa unaanza kuongea na soko la mabawa ya mtumba ya daraja A, yenye karatasi ya ukaguzi, ya saizi ya watu wenu. Bawa moja zima linalozunguka ni bora kuliko mabawa matano ya kubahatisha. Mkubaliane kabla: kilo za wanachama zikaribiane, hakuna kupaa bila mwalimu, kila safari inaandikwa kwa daftari. Hilo daftari ndilo logibuku yenu. Siku mkiliuza, mnaliuza na historia.

La pili ni fundi, na hapa ndipo nataka vijana wa Iten waamke. Kupima urefu wa kamba hakuhitaji digrii. Kunahitaji mahali pa kufungia bawa, uzito wa kilo 5 wa kukaza kamba, kipimo cha leza, jedwali la mtengenezaji, uvumilivu wa siku nzima, na mtu wa kukufundisha vizuri mwanzoni. Kifaa cha kupimia kitambaa ni ghali, ndiyo, lakini chama kinaweza kukifikia. Kila msimu wageni wanakuja na mabawa yanayotaka kupimwa na akiba zinazotaka kukunjwa upya. Leo tunalipwa kubeba begi. Kesho tungelipwa kufungua begi na kuandika ripoti yenye jina letu chini yake. Hii nchi ina fundi wa kila kitu, kutoka viatu hadi rada ya simu. Fundi wa mabawa mbona akose? Na nyinyi wageni mnaopenda Kerio, kama kweli mnataka kuacha kitu, acheni huo ujuzi. Mtu mmoja aliyefundishwa kukagua ana faida kuliko mabegi kumi ya mabawa yaliyostaafu.

La tatu ni kwa yale mabawa yaliyochoka ambayo tayari yako. Msiyachome. Bawa la zamani ni shule nzuri sana likiwa uwanjani. Kuliinua juu ya kichwa, kulishikilia upepo ukiyumba, kulishusha bila kuvutwa kama mbuzi, hayo unajifunza ukiwa chini, na kitambaa kilichochoka kinatosha. Lakini liandikwe. Kalamu nene, herufi za mkono mzima, katikati ya bawa: MAZOEZI YA CHINI TU. Ndio mdogo wako wa miaka 16 akilikuta nyumbani asidhani ni tiketi ya kwenda ukingoni. Na uwanja uwe tambarare, mbali na mteremko, maana upepo hausomi maandishi.

Sasa neno kwa sisi wa kamera. Sisi tunapenda sekunde nane: mtu anakimbia, ukingo unaisha, miguu inaning'inia, muziki unaingia. Hatupigi picha za mtu akikagua kamba kwa saa nzima. Mwaka wa 2018, Mmarekani Chris Gursky alipanda hanglaida ya kubeba watu wawili kule Uswisi, mara yake ya kwanza kabisa, na rubani akasahau kumfunga. Alining'inia kwa mikono yake kwa zaidi ya dakika mbili, akavunjika mkono wakitua, akapona. Video ilitazamwa mara mamilioni. Si bawa lililokosea pale. Ni ukaguzi wa sekunde chache kabla ya kuruka. Watu wengi waliishea hiyo video kama kichekesho. Mimi nikiitazama naona kitu kimoja: hata vifaa vizima, hata na mtu anayefanya hiyo kazi kila siku, ukiruka ukaguzi unaweza kufa. Sasa toa vifaa vizima, toa mtu wa kazi. Kinachobaki ni kijana na elfu 35.

Kwa hivyo kwangu sheria ni hii. Sitapiga video ya kuchangia bawa lolote bila kuona mwaka wake, kilo zake na karatasi yake. Nikipiga video ya mtu anaruka, ukaguzi utakuwa ndani, hata kama mtaruka hiyo sehemu. Na mtu akiniandikia "buda unazuia watoto wa maskini wasipae," nitamtumia maswali matano aende nayo kwa muuzaji. Akirudi na majibu, mimi wa kwanza kuchanga.

Kwa jamaa yangu wa boda, najua unasoma hii. Elfu 35 zako usizitoe bado. Tafuta watu tisa. Mimi nimeshaweka elfu 15 zangu kando, ingawa mimi wa mwili huu sitatoshea kwa bawa lenu.